Gitaa kavu la marehemu babu, lebo imeliwa: nisaidieni kutambua chapa yake (picha zimo)

KiwiraJuu

Wakuu, habari za humu ndani. Nimerithi gitaa kavu la marehemu babu na nahitaji msaada wa wanaojua vyombo vya zamani. Babu alikwenda Afrika Kusini na Wenela, lile shirika lililoajiri watu wa migodini, kuchimba dhahabu miaka ya hamsini, akarudi nalo Rungwe kabla ya uhuru. Kwenye sanduku lake bado kuna karatasi ya kazi ya 1957. Baba ana uhakika kwamba halikununuliwa Mbeya wala Tukuyu, lilitoka huko huko.

Ni dogo kuliko magitaa ya kawaida. Pembeni lina rangi ya kahawia iliyokolea, na kadiri unavyoingia katikati rangi inafifia kuelekea njano. Nyuzi hazikufungwa kwenye daraja, kile kipande kinachoziinua usoni. Zinapita juu yake tu, kisha zinashikwa na chuma kilichokazwa mkiani. Daraja lenyewe halikugundishwa, ukilegeza nyuzi linadondoka. Kichwani hakuna jina. Ndani kuna karatasi, ila mende wamekula sehemu kubwa.

Fundi mmoja mjini ameniambia ni Gibson. Kuna jamaa mwingine ameona picha tu akanitumia ujumbe kwamba ana laki moja na nusu mkononi, nimpelekee leo hii. Siuzi. Nataka kujua lilitengenezwa wapi na nani.

Chuma Ulete

Mkuu, hiyo rangi na hicho chuma cha mkiani ni Mjapani kabisa. Mjomba wangu alikuwa nalo la hivyo hivyo.

Binti Makorora

Mimi naona Egmond ya Uholanzi. Wazungu waliyaleta mengi. George Harrison wa Beatles alianzia na Egmond.

SimuYaMkononi

Inaweza kuwa Givson ya India pia. Hilo jina limewachanganya mafundi wengi, mtu anasoma haraka anaona Gibson.

Mzee wa Rizimu

Vijana mnahangaika bure. Hiyo ni galatoni. Sisi tulijifunzia hizo.

KiwiraJuu

Shikamoo mzee wangu. Hata babu alikuwa analiita galatoni, lakini nyumbani tulidhani ndivyo gitaa kavu lolote linavyoitwa.

Mzee wa Rizimu

Marahaba mwanangu. Ni kweli, baadaye kila gitaa kavu tuliliita hivyo. Lakini jina halikuanguka kutoka mbinguni.

FundiNyuzi

Wadau, shikamoo mzee. Natengeneza magitaa, na vya zamani ndivyo ninavyovipenda kuliko vyote, kwa hiyo nitaandika kwa urefu kidogo.

KiwiraJuu, kabla ya lolote: usilipige msasa, usilipake vanishi, usiing'oe hiyo karatasi, na usimpe mtu yeyote "alisafishe". Nimeona magitaa mengi yakipoteza ushahidi wote ndani ya nusu saa ya usafi. Vumbi lililoko ndani liache lilivyo, karatasi ikae ilipo hata kama imebaki kipande cha ukubwa wa stempu.

Pili, jina la kichwani ndilo shahidi dhaifu kuliko wote. Miaka ya hamsini na sitini kiwanda kimoja kiliweza kutoa gitaa lile lile kwa majina kumi tofauti, kutegemea nani ameagiza. Harmony wa Chicago walitengeneza magitaa yaliyouzwa na Sears kwa jina la Silvertone. Zenith aliyoanza nayo Paul McCartney ilitengenezwa na Framus, Ujerumani. Kwa hiyo kutokuwa na jina kichwani si hasara kama unavyofikiri. Tunasoma mwili.

Tuanze na waliotajwa. Egmond za bei nafuu mara nyingi shingo yake imeshikwa na bolti moja nyuma. Harrison aliifungua hiyo bolti ya kwake akashindwa kuirudisha, kaka yake ndiye aliyemtengenezea. Hebu geuza gitaa, tazama pale shingo inapokutana na mwili: kuna bolti au skrubu yoyote? Framus nyingi za zama hizo zina namba, na pembeni yake tarakimu mbili na herufi moja. Tarakimu ni mwaka, herufi ni mwezi. Cremona za Luby, Chekoslovakia, zina lebo ndani ya tundu, hapo tutasoma karatasi. Harmony waligonga muhuri wa wino ndani, mfano F-62 au S-59: tarakimu ni mwaka, herufi ni nusu ya mwaka huo. Ingiza tochi, tafuta muhuri huo kwenye mbao ya mgongo.

Suala la Mjapani: mwaka wa 1957 au kabla, magitaa ya Japani yalikuwa bado hayajamwagika duniani kama yalivyofanya miaka ya sitini. Silifuti, ila naliweka chini ya orodha.

Gibson sahau.

Sasa kazi yako. Chukua tochi ya simu na utazame ukingo wa tundu la sauti, pale mbao ilipokatwa. Kama ni mbao nzima, mistari unayoiona usoni itaendelea kuzama mpaka chini kwenye ukingo. Kama ni plaiwudi utaona matabaka, na la katikati mistari yake imekatiza upande mwingine. Ilete hiyo picha kwa karibu.

KiwiraJuu

Fundi asante sana. Nimelishika mkononi naandika.

Shingo: hakuna bolti wala skrubu nyuma, imegundishwa. Muhuri wa wino sijaona popote, namba hakuna. Ukingo wa tundu: matabaka matatu, nimeyaona wazi. La juu na la chini yana rangi ya asali, la katikati ni jeusi kidogo na limekatiza kama ulivyosema. Upande mmoja wa tundu kuna mchubuko wa kucha, mbao imelika hadi tabaka la katikati limetokeza nje. Babu alikuwa anapiga kwa kidole gumba na cha shahada tu, hapo ndipo shahada ilipokuwa inagonga.

Uso haujapasuka popote. Mgongo umeachia gundi upande wa chini, unaweza kupitisha karatasi.

FundiNyuzi

Vizuri sana. Bolti hakuna, Egmond ya bei nafuu naitoa. Plaiwudi usoni, na miaka yote hiyo Rungwe kwenye mvua na baridi uso haujapasuka. Hilo la kutopasuka liweke akilini.

Sasa lebo. Usipige picha ukiwa umemulika moja kwa moja, mwanga utafuta maandishi. Legeza nyuzi, shusha taa ndogo ndani kwa pembeni kabisa ili mwanga ulambe karatasi kwa mshazari. Wino uliofifia na alama za mashine ya kuchapa huwa zinaonekana hivyo. Piga picha kadhaa, kila moja taa ikiwa upande tofauti. Kisha kwenye simu igeuze iwe nyeusi na nyeupe, ongeza ukali wa rangi hadi karatasi iwe chafu machoni. Andika herufi unazoziona tu, usijaze pengo kwa kubahatisha.

KiwiraJuu

Nimefanya. Picha tatu ziko hapo chini. Ninavyosoma:

Mstari wa juu, herufi kubwa: ...LOTONE

Chini yake, ndogo: ...TEED NOT TO SPL...

Mstari wa tatu kuna wino lakini hausomeki.

Mzee wa Rizimu

Nilisema.

FundiNyuzi

Mzee, heshima yako. Neno lako lilikuwa sahihi tangu mwanzo, ila nisingeweza kulitegemea peke yake kwa sababu ile uliyoitaja mwenyewe: likishaitwa kila gitaa kavu, haliwezi tena kutuambia hili ni lipi. Sasa karatasi imelithibitisha.

KiwiraJuu, una Gallotone. Maneno ya chini kwa ukamilifu ni "Guaranteed not to split", yaani wanakuhakikishia kwamba halitapasuka. Huo ndio msemo unaojulikana kwenye lebo za magitaa yao.

Gallo ni kampuni ya Johannesburg. Eric Gallo alianza mwaka wa 1926 na duka la gramafoni na sahani za santuri, mwanzoni mwa miaka ya thelathini akajenga studio ya kurekodia. Solomon Linda na kundi lake la Evening Birds walirekodi kwa Gallo mwaka wa 1939. Gallotone ikawa lebo yao ya santuri, na jina hilo hilo wakaliweka kwenye magitaa ya bei nafuu yaliyotengenezwa Durban. Mchimba mgodi wa Johannesburg aliweza kununua gitaa na santuri za kujifunzia zenye jina moja. Ndiyo maana karatasi ya babu yako na hicho kipande cha lebo vinaongea lugha moja.

Kwa nini watu wauze gitaa kwa kujisifia halipasuki? Johannesburg iko juu sana, mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari, na kipupwe chake ni kikavu. Mbao nzima ikikauka inasinyaa kwa upana, na kwa kuwa imegundishwa pande zote haina pa kwenda, inachanika kufuata mistari yake. Plaiwudi kila tabaka linamzuia mwenzake asinyae. Sauti yake ni finyu kidogo ukilinganisha na mbao nzima nzuri, hilo lazima tuseme. Lakini mtu aliyekuwa anasafiri na gitaa juu ya lori kutoka migodini mpaka Rungwe hakuhitaji mbao ya msonobari wa Ulaya iliyochaguliwa, alihitaji chombo kitakachofika kizima. Naliheshimu sana gitaa la namna hiyo. Muziki mwingi wa pande zetu hizi ulijifunziwa kwenye plaiwudi.

SimuYaMkononi

Subiri kidogo. Gallotone si ndilo gitaa la John Lennon? Nimetafuta hapa, naona lake liliuzwa mnada wa Sotheby's, London, 1999, kwa zaidi ya pauni 140,000! KiwiraJuu umelala juu ya mamilioni.

Chuma Ulete

Ndiyo maana yule jamaa anataka aletewe leo hii. Usimjibu kabisa.

FundiNyuzi

Ni kweli, la Lennon lilikuwa Gallotone Champion, dogo vile vile, la robo tatu. Ndilo alilopiga tarehe 6 Julai 1957 kwenye sherehe ya kanisa Woolton, Liverpool, siku aliyokutana na Paul McCartney. Mama yake alimfundisha kodi (mishiko ya vidole) za banjo juu ya gitaa hilo hilo.

Lakini tuwe wakweli kwa ndugu yetu. Zile pauni zililipwa kwa ajili ya mkono ulioshika. Gitaa kama hilo ambalo halikushikwa na Lennon lilikuwa chombo cha wanafunzi na watu wa kipato cha chini, na soko linajua hivyo. Linatafutwa na wakusanyaji, sawa, na laki na nusu kwa kweli ni kukunyonya, ila usijenge nyumba kichwani.

Na jambo la pili la ukweli: usiliite Champion. Lebo yako inatupa chapa, haitupi toleo. Gallotone walikuwa na zaidi ya toleo moja na mstari wako wa tatu umeliwa. Likiandikwa mahali, liandikwe "Gallotone, gitaa dogo la plaiwudi, Afrika Kusini, si baada ya safari ya babu". Anayelitangaza kama Champion bila lebo anauza jina la Lennon.

Binti Makorora

Hapo kwenye umri, tunajuaje si la baada ya hapo? Karatasi ya 1957 ni ya kazi, si risiti ya gitaa.

FundiNyuzi

Swali zuri dada. Karatasi haithibitishi mwaka wa gitaa, inathibitisha babu alikuwa wapi. Kinachofunga mlango kwa upande wa juu ni historia ya familia: alirudi nyumbani kabla ya uhuru wa 1961. Mwanzoni mwa uhuru serikali ya Tanganyika ilisimamisha kabisa uajiri wa Wenela. Kwa hiyo miaka ya hamsini, au mwaka mmoja juu yake.

Anwani na majina ya nchi vinasaidia sana katika hili, na naomba kila mwenye chombo cha kale avikague. Lebo ya duka ikisema Elisabethville, ni kabla ya mji kuitwa Lubumbashi mwaka wa 1966. Ikisema Northern Rhodesia, ni kabla ya Zambia, 1964. Government Road ya Nairobi, hapo ni kabla haijawa Moi Avenue. Salisbury ikawa Harare 1982. Vyombo vya Kijapani vilivyoandikwa "Occupied Japan" ni vya miaka michache tu ya baada ya vita, mwisho 1952. Kuna watu wana vipande vya karatasi kama hivyo ndani ya masanduku na wanavitupa.

Mulushi

Bandugu, jambo yenu. Miye niko Lubumbashi. Huku kwetu hiyo jina Gallotone bazee banaijua sana, lakini banaijua kwa ajili ya santuri. Mwenda Jean Bosco, mutu wa Bayeke, Hugh Tracey, mutafiti wa muziki, alimurekodi mu Jadotville mwaka 1952, leo ni Likasi. Sahani zake zilitoka na jina ya Gallotone, zikaenda mpaka kwenu Tanganyika na Kenya. Na yeye pia alikuwa anapiga na gumba na kidole ya shahada, sawa babu yako. Hii namna ya kupiga ndiyo ya hapa Katanga.

KiwiraJuu

Ndugu yangu wa Lubumbashi, umenigusa. Babu hakufika Kongo, lakini nyimbo zake alizokuwa akipiga jioni baadhi zilikuwa za Kiswahili cha huko, tulikuwa tunamuuliza maana ya maneno. Kumbe alijifunza kwenye sahani. Ndaga fijo, asante sana.

Mulushi

Ndiyo hivyo. Bosco na Edouard Masengo, bote bawili balifika Nairobi mwisho ya miaka ya hamsini. Bazee wa Kenya baliwaona kwa macho.

Mzee wa Rizimu

Na sisi huku tuliwasikia redioni. Vidole viwili, lakini ukisikiliza unasikia magitaa mawili. Gumba linatembea na besi peke yake, halimsubiri mtu. Kijana wa bendi ya kisasa akijaribu na galatoni nyuzi zake nzito, baada ya wimbo mmoja vidole vinavimba.

TangaRaha

Fundi samahani naingilia uzi wa watu. Mimi nina gitaa la umeme, limekaa stoo ya marehemu baba mdogo ambaye alipiga bendi Tanga. Kichwani limeandikwa Kent. Lina pikapu mbili za kunasa sauti ya nyuzi, na swichi za kubonyeza zilizopangwa mstari. Nyuma kwenye shingo kuna kibati cha skrubu nne kimeandikwa "Steel Reinforced Neck, Made in Japan". Mgongoni kuna rangi nyeupe iliyokwanguliwa, naona "MALI YA" tu. Kent ni kampuni gani?

FundiNyuzi

Karibu mkuu, haliingilii, ni somo lile lile kutokea mlango wa pili.

Kent kwa magitaa ya Kijapani ni jina la mwagizaji. Walikuwa Buegeleisen & Jacobson, wafanyabiashara wa New York, hawakuwa na kiwanda cha hayo magitaa. Walinunua Japani, kwa Guyatone, kwa Teisco na kwa wengine. Kwa hiyo ukiuliza "Kent ni nani" unapata jibu la nani aliuza, hujapata nani alitengeneza. Kibati cha "Steel Reinforced Neck" nacho hakikupeleki kwenye kiwanda kimoja, kinakuambia Japani ya miaka ya sitini, basi.

Cha kutazama ni pikapu, swichi, umbo la kichwa na jinsi shingo ilivyoingia mwilini. Teisco wana sura zao, Guyatone wana zao, na baada ya Kawai kuichukua Teisco mwaka wa 1967 sura zinaanza kuchanganyika. Fungua skrubu za bamba la mbele taratibu, usikate waya wowote, piga picha ya chini yake. Ng'oa shingo kwa zile skrubu nne, utazame mfuko wake na kisigino cha shingo, mafundi wa viwandani waliandika kwa penseli au waligonga mihuri humo. Pote za sauti, vile vifaa vilivyo chini ya vitufe vya kuzungusha, zigeuze. Za Kimarekani zina namba inayosomeka: 137 mwanzoni ni kiwanda cha CTS, 304 ni cha Stackpole, kisha tarakimu za mwaka na wiki. 1376632 ni CTS, mwaka 1966, wiki ya 32. Ukiikuta namba ya hivyo ndani ya gitaa la Kijapani, ujue kuna mtu alibadilisha pote.

Hiyo rangi nyeupe, tafadhali usiikwangue zaidi. Wanamuziki wengi wa bendi zetu hawakumiliki vyombo, vyombo vilikuwa vya mwenye bendi, vya chama, vya shirika au vya jeshi. Jina la mwenye mali likisomeka linakupa mwaka. Mfano kitu kikiandikwa NUTA, basi ni baada ya 1964 chama hicho cha wafanyakazi kilipoundwa, na kabla ya JUWATA kuchukua nafasi yake mwishoni mwa miaka ya sabini. Tumia mbinu ile ile ya taa ya mshazari. Rangi hata ikikwanguliwa huwa imeacha kivuli kwenye vanishi.

Ila fungua uzi wako, uweke picha zote, tusimzibe mwenzetu.

TangaRaha

Nimepokea fundi. Nafungua leo.

KiwiraJuu

Fundi, turudi Rungwe. Nataka lipigike. Watoto wanalitazama tu ukutani. Mgongo ulioachia gundi nifanyeje, na nyuzi gani niweke? Kuna mtu ameniambia niweke za nailoni ili lisivunjike.

FundiNyuzi

Mgongo kwanza. Supaglu isikanyage hapo. Ukiimwaga haitoki, na fundi atakayefuata atalazimika kuvunja mbao. Ondoa vumbi kwenye ufa kwa brashi laini, angalia kama kuna unga wa mbao na vitundu vidogo vya wadudu, maana Rungwe unyevu ni mwingi na mbao hubunguliwa. Kama pako safi, gundi nyeupe ya mbao, ya majimaji, ipake kwa kipande chembamba cha plastiki mpaka ndani, kisha bana. Vibano vya useremala vinafaa, weka vipande vya mbao laini katikati visiache alama. Futa gundi inayotoka kwa kitambaa kibichi hapo hapo. Acha usiku kucha, usiwe na haraka. Na wakati unafanya haya, lebo uifunike kwa kipande cha plastiki ili tone lisiifikie.

Nyuzi za nailoni hapana. Lile daraja linasimama kwa kukandamizwa na nyuzi tu. Nailoni haina mkandamizo wa kutosha, litakuwa linacheza na sauti itakufa. Weka za chuma nyembamba, seti inayoanzia 10, na uzishushe sauti kamili moja chini ya kawaida. Gitaa la umri huo, tena huenda shingo haina chuma cha kurekebishia ndani, halistahili kuvutwa kwa nguvu zote. Ukitaka kulipiga pamoja na wengine, bana kapo (kibano cha shingoni) freti ya pili, yaani kile kichuma cha pili cha shingo, umerudi kwenye sauti yao.

Daraja sasa, hapa ndipo watu wengi hulaumu gitaa bure wakisema "halishiki tyuni". Pima kutoka nati, kile kijipande chenye mifereji ya nyuzi karibu na kichwa, mpaka freti ya kumi na mbili. Umbali huo huo, kutoka freti ya kumi na mbili kwenda mkiani, ndipo daraja linapokaa, likisogea nyuma kidogo sana. Kisha gusa uzi juu ya freti ya kumi na mbili bila kuubana, sikiliza ile sauti ya kengele. Halafu ubane hapo hapo upige. Sauti ya kubana ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kuelekea mkiani, ikiwa chini lisogeze kuelekea tundu. Nusu milimita inatosha kubadilisha. Ukishapapata, weka alama ya penseli nyembamba kabisa pembeni ya miguu ya daraja, na siku ya kubadilisha nyuzi badilisha mmoja mmoja ili lisidondoke.

Kwenye uso, chunguza kama kuna kivuli cha daraja la zamani, rangi ikiwa haijafifia. Mara nyingi kinakuonyesha mwenyewe alikuwa analiweka wapi.

KiwiraJuu

Kivuli kipo! Kimekaa mshazari kidogo, upande wa nyuzi nene uko nyuma zaidi kuliko wa nyuzi nyembamba. Nilidhani ni daraja lilisogea kwa ajali.

FundiNyuzi

Si ajali hata kidogo. Uzi mnene ukiubana unapanda sauti zaidi, kwa hiyo unahitaji urefu wa ziada. Babu yako alilisikiliza gitaa lake akaliweka daraja pale sikio lilipotaka. Anzia hapo kwenye kivuli, nina imani hutahitaji kusogeza sana.

Mzee wa Rizimu

Mchubuko wa shahada nao usiuzibe. Muache mtoto ajifunze kuweka kidole pale pale.

KiwiraJuu

Sitauziba mzee wangu.

Wakuu, nimebana mgongo jioni hii, kesho nafunga nyuzi. Yule mnunuzi nimemjibu kwamba haliuzwi. Picha za lebo nimezipandisha tena zikiwa kubwa, zote kwa taa ya pande tofauti.

Ombi langu ni moja. Mstari wa tatu wa lebo bado sijausoma, na najua hili gitaa halikurudi peke yake. Walirudi wanaume wengi kutoka migodini, Rungwe, Songea, Nyasa, na ng'ambo Malawi na Zambia. Mwenye Gallotone nyumbani ambayo lebo yake haijaliwa, hata kama gitaa lenyewe limevunjika, aweke hapa picha ya lebo nzima, aseme na mahali mzee wake alipolinunua, tulinganishe herufi. Mulushi, na huko Likasi na Lubumbashi nakuomba uwaulize wazee.

Mulushi

Nitauliza. Kuna muzee moja wa Likasi mwenye kuwa na moja, nitaenda siku ya yenga, ndiyo Jumapili, nipige foto.